Mtoto Asiyekula Karanga Katika Sherehe Zetu



Siku ya mapumziko wengi wetu hupanda Rebero na watoto. Kuna upepo, kuna nafasi ya kukimbia, na mji wa Kigali unaonekana chini. Lakini wako wenzetu ambao kwao matembezi hayo ni mazito kuliko zamu ya usiku, kwa sababu mtoto wao ana mzio mkali wa karanga.

Mzio huo si maringo ya mtoto kuchagua chakula. Mwili wake hupambana na karanga kama adui. Mara nyingi ni dakika chache tu baada ya kula: midomo huvimba, ngozi hutoka vipele, hutapika, koo hubana, pumzi hukata. Anaweza kufa. Na karanga kwetu ziko kila mahali: katika isombe, katika mchuzi wa ndizi, hata za kukaanga njiani. Kijiko kilichokoroga isombe kikitiwa katika wali, wali nao haumfai.

Hata hivyo taabu kubwa ni heshima. Hapa Rwanda ni desturi ya tangu zamani mwenyeji kuonja kinywaji kabla ya kumpa mgeni, ionekane hakina sumu. Basi mama akisema "mwanangu asile hiki", mwenyeji husikia "wewe mchawi". Mama anaogopa ugomvi, ananyamaza, na shangazi mwenye nia njema anamtilia mtoto tonge mdomoni. Mtoto akivimba, watu huanza kumtafuta aliyemroga, na saa inakwenda. Kuonja kwa mwenyeji hakusaidii kitu hapa, maana chakula hicho ni kizuri kwa wote isipokuwa huyo mmoja.

Kwa hiyo mzazi aseme mapema, siku kadhaa kabla, tena aseme wazi: "Akila karanga anabanwa pumzi." Ambebee chakula chake, sahani yake na kijiko chake. Watoto wanaocheza naye wanawe kwa sabuni. Dawa ya kupaka mikononi haiondoi karanga.

Kamati za matawi nazo zina wajibu. Tunapopika kwa ajili ya 1 Mei, isombe bila karanga haipunguzi sherehe.

Dalili zikianza, pigeni 912 mara moja. Dawa inayookoa ni sindano ya adrenalini, hupigwa upande wa nje wa paja. Mwenye nayo asingoje. Vidonge vya kuondoa mwasho havifungui koo. Mlazeni mtoto, miguu juu. Akihema kwa shida akae, ila asitembezwe. Hata akipata nafuu apelekwe hospitali, kwani hali inaweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Na tunapokaa na mwajiri kujadili mkataba wa pamoja, tuulize: je, zahanati ya kiwanda au ya shamba ina adrenalini, na nani kafundishwa kuipiga?