MSAADA WA MATAJIRI: TUUPOKEE VIPI?

Ndugu wafanyakazi,

Mfuko wa tajiri ukija shambani au kiwandani kujenga shule au zahanati, tusikatae wala tusipige makofi upesi. Tutazame mfano wa Marekani.

Mwaka 1912 Julius Rosenwald, tajiri wa Chicago, na mwalimu Booker T. Washington walianza kujenga shule za watoto Weusi huko Alabama. Sharti lilikuwa kwamba tajiri achangie, wanakijiji wachangie, serikali nayo ichangie, na shule iwe ya umma. Hadi 1932 zilijengwa karibu shule 5,000 katika majimbo 15. Wakulima na vibarua wa pamba walitoa fedha, ardhi, mbao na jasho. Mchango wa watu Weusi ulizidi wa Rosenwald.

Lakini watu hao walikwisha kulipa kodi, na kodi hiyo ilijenga zaidi shule za Wazungu. Basi walilipa mara mbili.

Kwa hiyo tuulize: Nani anaamua? Jengo litakuwa mali ya nani? Mfadhili akiondoka, nani atamlipa mwalimu au mganga? Kamati yetu ya wafanyakazi iwemo tangu mwanzo. Na zahanati ya msaada isiwe kisingizio cha kutunyima mshahara wa haki.

Umoja ni nguvu!