Wapenzi wa reivu: jinsi walivyotafutana na jinsi walivyozuiwa

Makala hii inakusudia kumweleza msomaji jambo liitwalo reivu, na hasa namna wapenzi wake walivyokusanyika kwa maelfu bila chama, bila kadi ya uanachama na bila anwani iliyojulikana. Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili hakina neno moja linalolingana nalo sawasawa, ila kina neno linalolikaribia sana, nalo ni ngoma. Ngoma ni chombo, ngoma ni mchezo, na ngoma ni mkutano wenyewe wa watu wachezao. Reivu nayo ni muziki na mkutano kwa pamoja; aliyesikiliza sahani peke yake nyumbani hawezi kudai kwamba ameijua. Wenyeji wa Lubumbashi wangeweza kuiita ambiansi, lakini ambiansi ya kwetu ina mwimbaji na gitaa, na ile aghalabu haina vyote viwili.

Chimbuko la muziki huo ni Marekani, miongoni mwa vijana weusi. Huko Chicago, kuanzia mwaka 1977, Frankie Knuckles alikuwa akipiga sahani katika ukumbi uitwao Warehouse, na jina la ukumbi huo ndilo lililozaa jina la muziki wa hausi. Huko Detroit, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, waliosoma shule moja katika mji mdogo wa Belleville, waliunda tekno. Kampuni ya Roland ya Japani ilikuwa imetengeneza mashine ndogo, TB-303, ili ichukue nafasi ya mpiga gitaa la besi. Haikupata wanunuzi, na utengenezaji wake ukakoma mwaka 1984. Vijana wa Chicago wakainunua kwa bei ya vitu vikuukuu, wakavizungusha vifungo vyake mpaka ikalia sauti ambayo mafundi wake hawakuikusudia kamwe. Sauti hiyo ndiyo inayosikika katika "Acid Tracks" ya kundi la Phuture, iliyotolewa mwaka 1987.

Muziki huo ulipofika Uingereza, hasa mwaka 1988, ulikuta kumbi zinazofungwa mapema kwa amri ya sheria. Wachezaji, ambao hawakuwa tayari kulala, wakahamia kwenye maghala matupu na mashamba. Barabara kuu ya M25, inayoizunguka London na iliyokamilika mwaka 1986, ikawarahisishia safari. Tiketi haikutaja mahali. Ilitaja namba ya simu tu. Usiku wa Jumamosi mtu alipiga simu, sauti iliyorekodiwa ikamwelekeza kwenye kituo cha petroli, na hapo alikuta magari mengine mengi yakingoja kama yake. Mahali penyewe palitangazwa saa za mwisho, ili polisi watakapofika wakute maelfu wamekwisha kuingia, na kuwatawanya kuwe hatari kuliko kuwaacha. Kwa maoni yetu, jamii ya reivu iliundwa barabarani zaidi kuliko uwanjani: watu wasiofahamiana waliulizana njia, wakafuatana, na walipofika tayari walikuwa kundi.

Serikali haikukaa kimya. Sheria ya mwaka 1990 iliwatishia waandaaji wasio na kibali faini ya hadi pauni 20,000 na kifungo cha miezi 6. Halafu ikaja Castlemorton. Mwezi wa Mei 1992, zaidi ya watu 20,000 walikusanyika katika malisho ya kijiji hicho, wakacheza kwa siku kadhaa huku wanakijiji wakikosa usingizi. Malalamiko ya wanakijiji hao yalikuwa ya haki, na mwandishi anayeyapuuza hasemi ukweli wote. Watu 13 wa kundi la Spiral Tribe na wenzao wakashtakiwa. Kesi ikagharimu takriban pauni milioni 4. Mwaka 1994 baraza la wazee wa mahakama likawaachilia huru.

Mwaka huohuo bunge likapitisha sheria nyingine, na kwa mtu wa lugha hii ndiyo ya ajabu kuliko zote, kwa kuwa ililazimika kueleza muziki ni nini. Ilisema kwamba muziki unaohusika ni pamoja na sauti zenye sifa kuu ya mapigo yanayojirudia kwa mfululizo. (Mpiga ngoma yeyote wa kwetu angejiona ametajwa.) Watu 100 wakikusanyika usiku nje kwa muziki huo, polisi aliweza kuwaondoa, na hata watu 10 wanaongoja tu uanze. Kundi la Autechre likajibu mwaka huo kwa wimbo "Flutter", uliopangwa hivi kwamba hakuna kipimo kinachorudi kama kilivyokuwa. Mwaka 2003 idadi ya watu 100 ikapunguzwa hadi 20.

Ng'ambo ya bahari, wapenzi walikuwa wamekwisha kupata njia nyingine ya kutafutana. Mwaka 1992 Brian Behlendorf, mwanafunzi wa Berkeley, alianzisha SFRaves, orodha ya barua za kompyuta kwa wachezaji wa eneo la San Francisco. Mwaka 1993 ikafuata orodha nyingine, IDM, ambayo jina lake likageuka kuwa jina la aina nzima ya muziki. Kompyuta ya wapenzi hao, Hyperreal, ndiyo iliyopokea barua za mafundi walioiunda programu ya Apache mwaka 1995, programu iliyokuja kutumiwa kuliko zote duniani kusambaza kurasa za intaneti.

Siku hizi mtu anayetafuta reivu huitafuta pia Afrika ya Mashariki. Singeli ya Dar es Salaam, mtoto wa mchiriku, huweza kupita mapigo 200 kwa dakika, na santuri ya mwaka 2017 iliyokusanya kazi za studio ya Sisso iliwafungulia wanamuziki wake majukwaa ya Ulaya. Walioitoa ni Nyege Nyege, ambao tangu mwaka 2015 wameandaa tamasha karibu na Jinja, Uganda. Mwezi wa Septemba 2022 bunge la Uganda lilitaka tamasha hilo lisimamishwe kwa ajili ya maadili. Serikali ikaliruhusu kwa masharti. Jina lilikuwa sehemu ya ugomvi. Mswahili akisikia nyege huelewa ashiki ya mwili na kuinamisha uso. Mganda husikia humo hamu ya ghafla ya kucheza ambayo miguu haiwezi kuikataa.