Bei ya Gramafoni Si Thamani Yake

Wanafunzi wengi huyatumia maneno bei na thamani kana kwamba ni pacha. Yote mawili asili yake ni Kiarabu, lakini huko yalikotoka la kwanza ni tendo la kuuza, na la pili ndilo malipo yenyewe. Waswahili walipoyapokea waliyagawia kazi upya: bei ikawa kile kitokacho mfukoni, na thamani ikawa ule uzito wa kitu ambao waweza kuwapo hata pasipo mnunuzi. Sijui mahali ambapo tofauti hiyo hudhihirika wazi kuliko mnadani, hasa zinaponadiwa gramafoni kuukuu.

Watu wengi hudhani kwamba uzee wa chombo ndio humpandishia mwenyewe bei. Sivyo. Mwaka 1906 kampuni ya Victor ya Marekani ilitoa Victrola, gramafoni ambayo pembe yake ya kutolea sauti ilifichwa ndani ya kabati, na ikauzwa kwa dola 200, fedha nyingi kwa siku zile. Kampuni hiyo iliendelea kutengeneza makabati ya namna hiyo kwa wingi mno, hata leo mengi hayawashtui wanunuzi. Gramafoni za EMG za London, zilizoundwa kwa mkono katika miaka ya 1930 zikiwa na pembe kubwa za karatasi iliyogandishwa, ni changa kuliko Victrola za kwanza, lakini ni chache, na wanunuzi huzigombea kwa maelfu ya pauni.

Mkadiriaji basi huanza kwa maswali: nani aliiunda, zimebaki ngapi, na je, pembe, mota na kichwa cha sindano ni vya asili au vimepachikwa baadaye? Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini katika biashara hii kibaya nacho kimejifunza kujipamba. Zimezagaa gramafoni bandia zenye pembe za shaba zinazometameta, nyingi zikiwa zimeunganishwa nchini India kwa vipuri vya mashine mbalimbali na kubandikwa nembo mashuhuri. Mjuzi hupita kando, mgeni hulipa.

Hata ile bei yenyewe si moja. Neno dalali lina asili katika kuonyesha njia, nami nashauri kila auzaye amwombe dalali wake amwonyeshe njia ya hesabu kabla nyundo haijagonga. Tuseme nyundo imegonga kwenye pauni 1,000. Ikiwa ada ya mnunuzi ni asilimia 25, mnunuzi atatoa 1,250. Ikiwa muuzaji naye anakatwa asilimia 15, ataondoka na 850. Gazeti likiandika kwamba gramafoni fulani "imeuzwa kwa pauni 1,250", yule mzee aliyeitoa nyumbani kwake hakuziona 400 kati ya hizo.

Lakini kuna hesabu nyingine isiyofanywa na dalali yeyote. Nembo maarufu kuliko zote katika biashara hii ni ile ya mbwa asikilizaye gramafoni. Mchoraji wake, Francis Barraud, aliiuzia Kampuni ya Gramophone ya London mwaka 1899 kwa pauni 50 za picha na 50 za haki ya kuitumia. Chini ya nembo hiyohiyo ziliuzwa santuri za Siti binti Saad wa Unguja, aliyesafiri pamoja na wenzake hadi Bombay mwaka 1928 kurekodiwa. Mkusanyaji wa Ulaya akiitazama santuri ya aina hiyo huchunguza kibandiko na mikwaruzo. Mimi nikiisikiliza nasikia matamshi, mizani ya shairi na lafudhi za watu waliozaliwa katika karne ya 19. Kamusi hunipa maana ya neno, bali hainipi namna lilivyotoka kinywani.

Hiyo ndiyo hasara ninayoihofia. Mchuuzi akifika nyumbani kwa mzee, hutaka kile kinanda chenye pembe; zile santuri huzichukua kama nyongeza, au huachiwa watoto wazichezee. Nazo zikianguka huvunjika kama vigae.

Kwa hiyo nawasihi walimu na wanafunzi wenzangu: kabla familia haijauza, nakilini kila kilichoandikwa kwenye kibandiko, namba ikiwamo. Muulizeni mzee ni nani aliyeimba na wimbo ulipendwa wakati gani. Msiziweke santuri chini ya sindano kuukuu ya chuma, kwani huzikwangua; mtafuteni fundi mwenye mtambo mwepesi wa umeme, sauti ihifadhiwe kwanza. Baada ya hapo auzaye na auze, ni mali yake. Chombo kitakwenda na bei yake, na thamani itakuwa imebaki nyumbani.