Diwani bila kanuni za kikao hatatusaidia

Sheria ya Kongo ya tarehe 7 Oktoba 2008 imeupa kila mji, komini, sekta na sheferi baraza lake la kuchaguliwa. Imeyapa maeneo hayo pia haki ya 40% ya mapato ya taifa yanayotengewa jimbo. Lakini mnamo Desemba 2023 madiwani walichaguliwa katika komini za makao makuu ya majimbo tu. Kimemi na Bulengera kule Butembo, Mulekera na Bungulu kule Beni, zote zilibaki bila madiwani, sawa na sheferi ya Baswagha iliko Masereka. Wanaodai uchaguzi wana haki. Ila tudai pamoja nao kanuni za kikao, kwa kuwa diwani asiyejulishwa ajenda mapema atapitisha bajeti asiyoisoma, na mkulima wa Masereka anayelipa ushuru wa soko hatajua fedha yake imekwenda wapi.

Wapo watakaosema kwamba vita haviruhusu vikao virefu. Mnamo Mei 2021 jimbo letu la Kivu Kaskazini liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi ili ukosefu wa usalama ukomeshwe haraka, na kweli ulinzi una mambo ya siri. Lakini ushuru, usafi wa soko na matengenezo ya barabara si siri za vita. Wengine watasema wazee wetu wanajua kuketi na kusikilizana bila karatasi. Ni kweli, na hekima hiyo tusiipoteze. Lakini fedha ya watu wengi haiwezi kutunzwa kwa kumbukumbu ya kichwani tu. Kule Tanzania, kwa mfano, tangu sheria ya mwaka 1982, kila mkazi mtu mzima ana nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji, na huko ndiko halmashauri ya wajumbe 15 hadi 25 inakochaguliwa na kuulizwa hesabu.

Tusingoje kura ili tuanze. Burugumestre, mkuu wa komini, anapoita wakubwa wa kartie na mashirika ya raia, mwaliko utoke kwa maandishi pamoja na ajenda, waliohudhuria wahesabiwe kabla ya kuamua, na ripoti ya kikao isomwe hadharani kwa Kiswahili na Kinande. Madiwani watakapochaguliwa, watawakuta raia waliozoea kuuliza: mliamua nini, mlikuwa wangapi, na nani alipinga?