Vita vya Miaka Mitatu, Daktari wa Miaka Kumi na Mmoja

Vita vya Korea vilianza tarehe 25 Juni 1950, na mizinga ikanyamaza tarehe 27 Julai 1953. Hiyo ni miaka mitatu na mwezi mmoja. Lakini daktari mashuhuri kuliko wote waliopata kutajwa katika vita hivyo, Kapteni Benjamin Pierce ambaye wenzake walimwita Hawkeye, alisimama kwenye meza ya upasuaji muda wa miaka kumi na mmoja, asipandishwe cheo hata mara moja, mpaka nywele zikaanza kumwota mvi. Sababu yake ni nyepesi: daktari huyo hakuwapo. Alikuwa mwigizaji Alan Alda, na vita vyake vilipiganwa katika milima ya jimbo la California.

Mchezo huo wa televisheni, uitwao M*A*S*H, ulionyeshwa na shirika la CBS la Marekani tangu Septemba 1972 hadi tarehe 28 Februari 1983. Jina lake ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya hospitali ya upasuaji ya jeshi inayohamishika. Mzizi wake ulikuwa wa kweli. Kitabu kilichozaa filamu ya mwaka 1970, na baada yake mchezo wenyewe, kiliandikwa na daktari mpasuaji H. Richard Hornberger, aliyehudumu Korea katika hospitali ya namna hiyo, naye akajificha nyuma ya jina la Richard Hooker. Yeye mwenyewe hakupendezwa na yale ambayo televisheni iliyafanya kwa watu wake.

Msomaji aliyevaa sare atafurahi kujua kwamba vile vibati vya shingoni alivyovivaa Koplo Klinger, yule askari aliyevaa magauni ya kike ili aonekane mwendawazimu na kurudishwa kwao, vilikuwa vibati halisi vya mwigizaji Jamie Farr, alivyopewa alipokuwa askari wa jeshi la Marekani. Naye Harry Morgan aliyeigiza Kanali Potter, mkuu wa hospitali tangu 1975, alikuwa amekwisha kupita kambini hapo mwaka mmoja kabla, akiwa jenerali aliyerukwa na akili! Mwezi wa Oktoba 1982 moto wa msituni uliteketeza kambi ya maigizo, na waandishi hawakuhuzunika sana. Waliuingiza moto huo katika onyesho la mwisho. Onyesho hilo lilitazamwa na watu wapatao milioni 106.

Lakini onyesho lisilosahaulika ni la tarehe 18 Machi 1975. Luteni Kanali Henry Blake, mkuu wa kwanza wa hospitali, amemaliza zamu yake naye amepanda ndege kwenda kwa mkewe na watoto wake. Madaktari wamerudi kwenye meza zao. Mara kijana wa ofisini anaingia na karatasi mkononi, anasoma kwamba ndege ya Blake imetunguliwa juu ya bahari ya Japani, na hakuna aliyepona. Waigizaji wengi walikuwa hawajaonyeshwa ukurasa huo mpaka dakika ya kuigiza. Hakuna anayepiga kelele. Mikono inaendelea kushona majeraha. Watazamaji waliozoea kucheka waliandika barua nyingi za hasira. Bila shaka nyumba za askari hazikuhitaji kuelezwa maana ya karatasi ile.

Na hospitali zenyewe za kweli zilifanya nini? Zilisogezwa karibu na mstari wa mbele, na majeruhi wakaletwa kwa helikopta. Katika Vita Kuu ya Pili, Wamarekani waliokatika mishipa mikuu ya damu ya mikono au miguu walikatwa viungo hivyo karibu nusu yao, yaani 49 katika kila 100. Huko Korea, madaktari walipojifunza kuishona mishipa badala ya kuifunga, idadi ilishuka hadi 13. Hospitali ya mwisho ya jina hilo ilivunjwa mwaka 2006, na mahema na vifaa vyake vikabaki Pakistan, ambako ilikuwa imekwenda kuwatibu walioumizwa na tetemeko la ardhi la 2005.

Si kila daktari wa televisheni anayestahili kuaminiwa hivyo. Mwaka 1996 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa uchunguzi wa madaktari waliotazama maonyesho 97 ya vipindi vitatu vya Marekani, kikiwamo ER, kilichodumu tangu 1994 hadi 2009. Walihesabu wagonjwa ambao mioyo yao ilisimama wakabonyezwa vifua: robo tatu waliamka papo hapo. Katika maisha ya kweli, kwa mtu aliyeanguka nje ya hospitali, hata huko Marekani huokoka kama mmoja tu kati ya kumi. Basi jamaa aliyezoea televisheni humwona daktari wa kweli kuwa mzembe, hali amefanya yote awezayo.

Hata namna ya kubonyeza huonyeshwa vibaya, kwa kuwa mwigizaji hawezi kumbonyeza sawasawa mwenzake aliye hai asimvunje mbavu. Utamwona amekunja viwiko. Anayetaka kusaidia kwa kweli, akiisha kumtuma mtu kuita msaada, aweke viganja katikati ya kifua, mikono imenyooka, abonyeze kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, wala asiache mpaka wenye ujuzi wafike.