Qigong ilinituliza, lakini presha ya macho haikushuka

NILIKUWA na umri wa miaka 34 daktari wa macho aliponiambia kuwa presha ya macho yangu ilikuwa 28. Kwa watu wengi huwa kati ya 10 na 21, kwa kipimo cha milimita za zebaki. Nilikuwa Beijing, Uchina, katika mwaka wa pili wa masomo, na nilikuwa nimeingia kliniki kutafuta miwani tu.

Habari hiyo ilinitisha kwa sababu niliujua mwisho wake. Baba yangu mzazi, aliyekuwa seremala Mombasa, alipofuka kwa ugonjwa huo huo, yaani glakoma. Hakuumwa macho hata siku moja. Alianza kujikwaa kwenye vizingiti, nasi tukadhani ni uzee. Tulipompeleka hospitali, mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo ulikuwa umeharibika, na ukishaharibika hautengenezeki.

Jicho hutengeneza maji yake lenyewe na kuyatoa kupitia njia nyembamba. Njia hiyo ikiziba, maji hujaa, shinikizo hupanda na mshipa huumia polepole. Sisi Waafrika hupatwa zaidi na aina hii ya kimyakimya. Miongoni mwa Wachina, aina ya ghafla, yenye maumivu makali, huonekana zaidi kuliko kwetu.

Nilipewa dawa ya matone, tone moja kila jicho kila usiku. Ilinichoma na macho yakawa mekundu. Nikaanza kutafuta njia nyingine, na Beijing njia nyingine haiko mbali.

Kila alfajiri wazee hukusanyika katika bustani ya Tiantan, palipo Hekalu la Mbingu, kufanya mazoezi. Baadhi yao hufanya qigong. “Qi” ni pumzi au nguvu ya uhai, na “gong” ni kazi ya kuizoea hadi uiweze. Mzee mmoja alinikaribisha kundini mwake. Nilimwita “daye”, kama watu wa Beijing wanavyowaita wazee kwa heshima.

Alinifundisha Baduanjin, vipande vinane vya hariri, zoezi ambalo mwaka 2003 Idara Kuu ya Michezo ya Uchina ililipanga upya pamoja na mengine matatu kwa ajili ya afya ya umma. Tulipomaliza, tulisugua viganja hadi vipate moto, tukafunika macho na kuvuta pumzi taratibu. Kisha tulibonyeza kwa kidole mfupa ulio kando ya nyusi na chini ya jicho, sehemu zile zile wanazobonyeza watoto wa shule za Uchina katika mazoezi ya macho yaliyoanza mwaka 1963.

Daye alinieleza kwamba katika tiba ya Kichina ini ndilo linalotawala macho, na hasira huliumiza ini. Jioni nilikunywa chai ya maua ya krisanthemu. Nililala vizuri, kichwa kikawa chepesi, na macho hayakuchoka tena kwa kusoma. Nikasema, nimepona. Nikaacha matone.

Miezi saba baadaye nilirudi kliniki. Presha ilikuwa 33. Kipimo cha upeo wa kuona kilionyesha doa jeusi upande wa juu wa jicho la kushoto. Doa hilo ninalo hadi leo.

Nilimuuliza daktari, mama wa makamo, mbona nilijisikia vizuri hivyo. Alinijibu: “Uchovu wa macho na presha ya macho ni vitu viwili. Qigong imekuondolea ule wa kwanza. Huu wa pili hausikiki, unapimwa.”

Hakunikataza mazoezi. Alisema utulivu na mwendo wa kawaida wa mwili vinaweza kusaidia kidogo, ila havichukui nafasi ya dawa. Kuhusu sindano za Kichina, mapitio ya tafiti ya Cochrane ya mwaka 2013 yalishindwa kupata ushahidi wa kutegemewa kwamba zinatibu glakoma.

Kisha aliniomba nimwonyeshe vipande vyote vinane. Nilipofika cha sita, cha kuinama hadi kushika miguu, akanisimamisha. Kuinamisha kichwa chini ya kiuno hupandisha presha ya macho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliopima mikao ya yoga ya namna hiyo, uliliona jambo hilo kwa wenye glakoma na hata kwa wasio nayo. Pia alinionya nisibonyeze wala kusugua jicho lenyewe, bali mfupa tu.

Nilikwenda kumweleza daye, nikiogopa kumvunja moyo. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akatoa mfukoni kichupa cha matone yake mwenyewe. Hakuwahi kuyaacha. Mimi ndiye sikuwahi kuuliza.

Siku hizi nimerudi Mombasa. Alfajiri nafanya vipande saba ufukweni, na usiku natia matone. Kila miezi minne napimwa, na presha sasa ni 16. Nikizoea kitu kipya, chai au zoezi, nangoja mashine iseme.

Msomaji, ikiwa mzazi au ndugu yako wa tumbo moja ana glakoma, nawe uko hatarini zaidi kuliko wengine. Usingoje macho yaume. Nenda ukapimwe. Dada yangu mkubwa alikataa kwa miaka miwili, akisema anaona vizuri. Mwezi uliopita nilimshika mkono tukaenda pamoja. Jicho la kulia lilikuwa 27, na mshipa wake bado mzima.