Dramu za hewani ‘zinajipiga’? Usikimbilie kurudisha mzigo

KABEZA si mahali pa kupiga dramu usiku. Katika mtaa huu wa sekta ya Kanombe, wilayani Kicukiro, nyumba nyingi za kupanga zimeshikana, na ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule. Kijana anayepiga dramu kanisani Jumapili hawezi kufanya mazoezi sebuleni katikati ya juma bila jirani kubisha hodi.

Na Kigali haina mzaha na kelele. Mwaka 2018 mamlaka za Rwanda zilifunga makanisa zaidi ya 700 jijini humo, mengi kwa kukosa viwango vya usalama na usafi wa majengo, huku kelele zikiwa miongoni mwa malalamiko yaliyotajwa. Anayetaka kupiga ngoma katikati ya makazi ya watu inambidi ajiulize kwanza sauti yake itaishia wapi.

Hapo ndipo dramu za hewani zinapopata mnunuzi. Mpigaji anakaa kwenye kigoda, anashika vijiti viwili na kupiga hewa tupu. Vihisi vilivyomo kwenye vijiti vinatuma habari kwa simu kupitia Bluetooth, na simu inatoa sauti ya ngoma au toazi kwenye hedifoni. Freedrum ya Sweden na PocketDrum ya kampuni ya AeroBand hufanya kazi hivyo. Aerodrums, iliyobuniwa Ireland, hutumia kamera inayofuata vijitufe vinavyong’aa kwenye ncha za vijiti.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani huu ni mzigo mwepesi. Seti ya dramu za kawaida inahitaji gari. Jozi kumi za vijiti hivi zinaingia kwenye begi moja. Tatizo huanza baada ya kuuza. Mnunuzi anarudi na lalamiko moja: “Zinajipiga zenyewe.”

Chukua mfano wa mwenye duka dogo Kabeza aliyeleta jozi kumi kutoka Nairobi. Akirudishiwa tatu, faida ya zile saba inaweza kumezwa yote. Kuzirudisha Nairobi ni nauli nyingine, na aliyemuuzia hatakubali kirahisi kwamba zina ubovu. Mara nyingi atakuwa na haki, kwa sababu vijiti hivyo ni vizima. Kilichokosekana ni mipangilio sahihi na dakika chache za kumwelekeza mnunuzi.

Pigo linatoka wapi?

Ngoma ya kweli ina ngozi. Kijiti kikiigusa, kinarudishwa juu, na mkono unajua kwamba pigo limekamilika. Hewani hakuna kitu cha kugusa. Kihisi kinapima mwendo na mzunguko wa kijiti, kisha kinakisia: kijiti kilichoshuka kwa kasi na kusimama ghafla kimepiga. Upande kilikoelekea ndio unaoamua kama sauti itakuwa ya snea, hai-hati au toazi.

Kwa hiyo chochote kinachofanana na kusimama ghafla kinaweza kuhesabiwa kuwa pigo. Mpigaji akiinua mkono haraka na kuufunga breki juu, sauti inatoka. Akikanyaga kwa nguvu mguu wa ngoma ya besi, mwili unatikisika, na kijiti cha mkono uliotulia nacho kinalia. Akipanga nguo yake kati ya wimbo na wimbo, toazi linapasuka masikioni.

Wapiga ngoma za jadi wa Rwanda wanajua gharama ya pigo lisilo mahali pake. Katika kundi la ingoma, ishakwe, ile ngoma ndogo yenye sauti ya juu, ndiyo inayoshika mwendo. Ikikosea, wenzake wanayumba. Mpiga dramu wa kanisa naye ndiye anayeshika mwendo wa kwaya, na akizoea usiku kupuuza mapigo ya ziada, Jumapili sikio lake halitayakamata.

Kizingiti na mlango

Dawa ya kwanza iko ndani ya programu ya simu, na kwa kawaida ni vitu viwili.

Cha kwanza ni kizingiti cha nguvu: pigo hafifu kuliko kiwango hicho halitoi sauti. Kikiwa chini mno, hata kukohoa kunapiga snea. Kikiwa juu mno, mapigo laini ambayo mpiga dramu hodari huyaficha kati ya mapigo makubwa yanapotea, na muziki unakuwa mkavu. Njia salama ni kumwambia mnunuzi apige pigo laini kabisa analotaka lisikike, kisha kizingiti kipandishwe kidogo kidogo mpaka lipotee, halafu kirudishwe hatua moja chini.

Cha pili ni muda wa kufunga mlango. Baada ya pigo moja kijiti hutetemeka, na mtetemo huo unaweza kuhesabiwa kuwa pigo la pili. Programu inayoruhusu hufunga mlango kwa sehemu ndogo ya sekunde kabla ya kupokea pigo jingine la kijiti hicho hicho. Hesabu yake si ngumu. Wimbo ukienda kwa mapigo 120 kwa dakika, na kila pigo likagawanywa mara nne, mapigo madogo yanafuatana kila baada ya milisekunde 125. Mlango ukifungwa kwa milisekunde 50, hakuna pigo halali litakaloachwa nje. Ukifungwa kwa 150, mkono mmoja ukipiga mfululizo utapoteza mapigo yake, na mnunuzi atarudi na lalamiko jingine: “Hazishiki.”

Ngoma inapohama

Lalamiko la pili ni kupiga snea na kusikia toazi. Chanzo chake ni kihisi cha mzunguko. Chombo hiki kinajumlisha kila mgeuko mdogo ili kijue kinaelekea wapi, na kila jumla ina kosa dogo. Makosa hayo yakikusanyika kwa dakika kadhaa, ramani ya ngoma inahama polepole kwenda kushoto au kulia, ingawa mpigaji hajasogea.

Vijiti viwekwe mezani vitulie kwanza, kisha programu iambiwe upya mbele ni wapi. Kazi hiyo irudiwe kila baada ya wimbo. Kigoda kisigeuzwe katikati ya mazoezi. Kihisi kinachofungwa kwa mpira kikazwe, maana kikilegea kinacheza peke yake baada ya kila pigo. Inafaa pia kukaa mbali na spika kubwa na vyuma vingi, kwa kuwa baadhi ya vihisi hutumia dira ya sumaku.

Anayeanza apunguze idadi ya ngoma. Snea, hai-hati na ngoma ya besi zinatosha kwa wiki za mwanzo, zikiwa zimeachana vya kutosha. Ngoma nane zilizobanana hewani ni kama meza nane kwenye kibaraza kimoja: hujui mteja ameingia kwa nani.

Hedifoni nazo zina lawama. Zile zisizo na waya huchelewesha sauti. Mpigaji asiposikia pigo lake kwa wakati hudhani halikuingia, hupiga tena kwa nguvu zaidi, kisha anasikia mapigo mawili. Hedifoni ya waya, inayopatikana kwa bei ndogo, inamaliza sehemu kubwa ya shida hiyo.

Zinazotumia kamera

Wapo wanaotengeneza dramu pepe wenyewe kwa kamera ya simu au kompyuta, wakitumia programu kama MediaPipe ya Google, ambayo hutambua alama 21 kwenye kila kiganja. Hapa kosa la kawaida ni kuifanya ngoma ilie kila mara mkono unapoonekana ndani ya eneo lake. Kamera ikichukua picha 30 kwa sekunde, mkono uliokaa humo nusu sekunde utahesabiwa mapigo 15.

Suluhisho ni sauti itoke pale tu mkono unapovuka mstari kutoka juu kwenda chini, tena kwa kasi ya kutosha. Baada ya hapo, ngoma hiyo isilie tena mpaka mkono upande na kuvuka mstari wa pili ulio juu zaidi. Mistari miwili inasaidia kwa sababu mkono unaotetemeka juu ya mstari mmoja utauvuka mara nyingi bila mwenyewe kujua.

Mwanga nao ni muhimu. Kati ya picha moja na nyingine mkono unaokwenda mita 3 kwa sekunde husogea sentimita 10. Chumba kikiwa na giza, picha ya mkono huo inakuwa ukungu na programu inakisia vibaya. Taa iwe mbele ya mpigaji, dirisha lisiwe nyuma yake, na watoto wasipite kwenye picha.

Majaribio matatu kabla ya kupokea fedha

Mfanyabiashara hahitaji kuwa mpiga dramu ili ajue kama mzigo wake ni mzima. Jaribio la kwanza ni la kimya: shika vijiti, inua na shusha mikono taratibu kwa nusu dakika bila kupiga. Kila sauti inayotoka ni dalili kwamba kizingiti kiko chini. La pili ni la hesabu: piga mara 20 upande mmoja. Zikisikika 23, ongeza muda wa mlango. Zikisikika 17, upunguze au shusha kizingiti. La tatu ni la kuhama: piga dakika tano, kisha rudi kwenye snea. Ikitoa sauti ya ngoma nyingine, weka mbele upya na ujaribu tena. Kijiti kinachoshindwa jaribio hili mara tatu mfululizo, baada ya kutulizwa mezani, huenda kweli kina ubovu.

Majaribio hayo yafanyike kwa muuzaji wa jumla, kabla ya safari. Bidhaa ikishavuka Rusumo au Gatuna, kuirudisha ni gharama. Isisahaulike pia kwamba cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachotumika kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya. Vijiti vilivyotengenezwa China havipati nafuu hiyo hata vikinunuliwa Kariakoo au Luthuli, na lazima vitangazwe forodhani kwa njia ya kawaida. Ushuru uliokwisha kulipwa ni sababu nyingine ya kutobeba mzigo ambao haujajaribiwa.

Kisha kuna mnunuzi wa Kabeza, anayekwenda kukaa chumbani na hedifoni wakati jirani amelala. Mipangilio iliyompatia mapigo 20 kati ya 20 pale dukani iandikwe kwenye karatasi na kuwekwa ndani ya boksi lake: kiwango cha kizingiti, muda wa mlango, idadi ya ngoma. Iandikwe kwa Kinyarwanda au Kiswahili, lugha atakayoielewa saa tatu usiku akiwa peke yake na vijiti vimeanza kulia ovyo.